At Fillmore East au Cornell 5/8/77: uanze na ipi kama masikio yako yamelelewa na dansi

Kila anapojitokeza mtu mpya miongoni mwetu, sisi wa Dar es Salaam tunaopenda bendi za Kimarekani zinazoweza kukaa na wimbo mmoja nusu saa nzima, swali lake la kwanza ni lilelile: nianze na albamu ipi? Jibu analopewa nalo halibadiliki. Anaambiwa achukue At Fillmore East ya Allman Brothers Band. Ni jibu zuri, na sitamzuia mtu. Ila kwa aliyekulia kwenye nyumba ambamo redio ilipiga Sikinde, Msondo na Maquis, naamini lipo jibu linalomfaa zaidi: Cornell 5/8/77 ya Grateful Dead. Zote mbili zilirekodiwa jukwaani, zote zina wapiga drams wawili na magitaa mawili yanayosemezana, na zote zina mashabiki wanaozijua dakika kwa dakika. Lakini hazimtaki msikilizaji wa aina moja.

Kwenye dansi wimbo una sehemu mbili. Kwanza ni hadithi: waimbaji wanapokezana, vyombo vinawasindikiza kwa utulivu. Kisha maneno yanapungua, solo linapanda, rithimu inalijibu, besi inabana, tumba zinakolea, na chemko linaanza. Ukumbini chemko hudumu kadiri wachezaji wanavyolidai. Bendi ninazozizungumzia hapa ziliifanya sehemu ya namna hiyo kuwa moyo wa kazi yao. Wimbo wa dakika nne studio unafika dakika ishirini jukwaani, na kesho yake ukipigwa tena hautapita njia ileile. Kwa hiyo mtu wa dansi haingii ugenini kabisa. Anachohitaji ni kujua ni chemko la namna gani analipenda.

Kuna jambo moja linaloniuma kila ninapozilinganisha bendi hizi na zetu. Sehemu kubwa ya dansi tuliyo nayo leo ilirekodiwa studio za Radio Tanzania. Yale ya usiku wa manane pale DDC Kariakoo, mpiga solo akiwa amepandwa na watu wakimtunza jukwaani, yamebaki vichwani mwa waliokuwepo. Wenzetu waliyahifadhi. Mashabiki wa Grateful Dead walikuja ukumbini na mashine za kanda na vipaza sauti vyao, bendi ikawaacha warekodi, na mwaka 1984 ikawatengea kabisa sehemu yao nyuma ya meza ya mitambo. Kanda zikabadilishana mikono bure, mtu kwa mtu, mji kwa mji. Ndiyo sababu leo watu wanaweza kubishana kuhusu usiku mmoja wa mwaka 1977 kana kwamba ulikuwa wiki iliyopita.

At Fillmore East: kila mtu na zamu yake

Albamu hii ilirekodiwa tarehe 12 na 13 Machi 1971 katika ukumbi wa Fillmore East jijini New York, mali ya promota Bill Graham. Mtayarishaji alikuwa Tom Dowd. Ilitoka Julai mwaka huohuo ikiwa santuri mbili zenye nyimbo saba, jumla haifiki dakika 80. Ukumbi wenyewe ulikuwa umeshafungwa mwishoni mwa Juni. Tarehe 29 Oktoba 1971 Duane Allman, mpiga gitaa aliyeiongoza bendi, alifariki kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, akiwa na miaka 24. Mwaka mmoja baadaye mpiga besi Berry Oakley naye akafa kwa ajali ya pikipiki, mji uleule, umri uleule. Ukijua hayo, albamu inasikika tofauti. Unasikia vijana waliofika kileleni bila kujua kwamba muda umekwisha.

Sauti ya kwanza ni Statesboro Blues, na hapo Duane anateleza juu ya nyuzi kwa kichupa cha kioo cha dawa ya mafua alichokivalisha kidoleni. Gitaa linalia, halicharazwi. Upande wa pili yuko Dickey Betts, mwenye sauti tamu zaidi na mpangilio ulionyooka, na mara kwa mara wote wawili wanaimba mstari mmoja kwa sauti mbili, magitaa yakiwa yameshikana kama wapiga mwanzi wawili waliofundishwa na mwalimu mmoja. Vaa spika za masikioni, uwasikie wakitoka pande mbili tofauti.

Sifa kubwa ya albamu hii ni kwamba haikuachi njiani. Nyimbo fupi zinakuzoesha, halafu unapewa You Don't Love Me ya dakika 19. Katikati yake bendi nzima inanyamaza, Duane anabaki peke yake na gitaa, na kutoka gizani mtu mmoja anapaza sauti akitaka wapige usiku kucha. Nampenda sana mtu huyo. Sauti yake imedumu kwenye santuri zaidi ya nusu karne, na aliyoyasema ndiyo kila mmoja wetu angeyasema angekuwa pale.

Halafu inakuja In Memory of Elizabeth Reed, dakika 13, hakuna neno hata moja linaloimbwa. Jina Betts alilitoa kwenye kaburi la makaburi ya Rose Hill, Macon, makaburi yaleyale ambako Duane na Oakley walikuja kuzikwa. Wimbo unaanza kwa gitaa linalopandishwa sauti polepole kwa kitufe, likasikika kama fidla ya mbali, na unakwisha bendi ikiwa imewaka. Duane alikuwa msikilizaji wa Miles Davis na John Coltrane, wanamuziki wa jazi, na hapa inaonekana: hachezi haraka ili asifiwe, anajenga. Mwisho kabisa ni Whipping Post, dakika 23. Besi ya Oakley inafungua peke yake, na utangulizi unahesabika kwa mapigo 11, jambo linaloyumbisha mguu wa mtu aliyezoea kuhesabu nne.

Sasa upungufu wake kwa msikilizaji wetu. Mfumo wa albamu hii ni zamu. Gregg Allman anaimba, Duane anapiga solo, Betts anapiga solo, kinanda kinapata nafasi, wanarudi kwenye wimbo. Mvutano uko kwenye nani ataipandisha zaidi. Hilo ni la bluzi, na ni halali kabisa, ila dansi haliendi hivyo. Kwenye chemko zuri hakuna anayesubiri zamu. Gitaa dogo linalorudia nukta tatu za muziki lina uzito sawa na solo. Mtu aliyelelewa na kusokotana huko anaweza kuisikiliza At Fillmore East, akaistaajabia, akaiweka kabatini. Nimeliona hilo kwa zaidi ya rafiki mmoja.

Cornell 5/8/77: hakuna anayesubiri

Tarehe 8 Mei 1977 ilikuwa Jumapili. Grateful Dead walipiga Barton Hall, jengo la michezo la Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca, jimbo la New York, na ingawa ilikuwa Mei, nje theluji ilianguka. Aliyerekodi ni Betty Cantor-Jackson, mwanamke ambaye sikio lake ndilo sababu ya kanda za mwaka ule kusikika safi hivi. Miaka ilipita, kanda zake zikaishia kwenye ghala la kukodi, kodi haikulipwa, na mwaka 1986 zikapigwa mnada pamoja na mizigo mingine. Walionunua ndio waliofanya zisambae. Mashabiki wakazinakili, wakapeana, wakazipenda. Mwaka 2011 onyesho hilo likaingizwa kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, wakati halijauzwa rasmi hata nakala moja. At Fillmore East ilikuwa imeingia kwenye orodha hiyo mwaka 2004. Cornell ilitoka rasmi Mei 2017, miaka 40 baada ya usiku wenyewe.

Ni kubwa: CD tatu, zaidi ya saa mbili na nusu. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaanza mwanzo. Usianze mwanzo. Awamu ya kwanza ina nyimbo fupi fupi, baadhi za asili ya kantri, na ingawa nazipenda sasa, kwa mgeni zinachelewesha. Anza na awamu ya pili. Utamsikia kwanza Bob Weir, mmoja wa wapiga gitaa wao, akiwaomba watu warudi nyuma hatua moja kwa sababu walio mbele wanabanwa. Kisha inaanza Scarlet Begonias.

Hapa naomba uwe mvumilivu na mimi, maana ndicho kiini cha ushauri wangu wote. Scarlet Begonias ni wimbo mchangamfu, una maneno, una kiitikio. Maneno yanakwisha. Bendi haisimami, wala hakuna anayejitokeza kusema sasa ni mimi. Jerry Garcia anapiga nukta chache zenye nafasi katikati, gitaa la Weir linazijibu kwa vipande vya koodi, yaani nukta kadhaa zinazopigwa pamoja, vilivyokatwa katwa, piano ya Keith Godchaux inajaza mwanya, na wapiga drams, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wanaendelea kusukuma. Dakika zinapita. Wakati fulani unagundua kwamba wimbo uliokuwa ukiusikia umeshaondoka na mwingine umefika, Fire on the Mountain, ambao wakati huo bendi ilikuwa haijautoa kwenye albamu yoyote. Hakuna mshono unaouona. Safari nzima inapita dakika 25.

Fire on the Mountain unasimama juu ya koodi mbili tu, zinazozunguka bila kuchoka. Mtu wa rock anaweza kuuliza mbona hakubadiliki kitu. Mtu wa dansi hataliuliza swali hilo. Anajua kwamba mzunguko ukiwa mtamu hauhitaji kubadilishwa, unahitaji kuongezwa uzito kidogo kidogo, na anajua pia kusikia badiliko dogo: gitaa limehama nukta moja, pigo limesogea, besi imeacha pengo. Masikio hayo tumepewa na Msondo na Sikinde bila kulipia. Kwenye Cornell yanafanya kazi mara moja.

Besi ndiyo sehemu moja ambayo mgeni wetu atasumbuka. Mpiga besi wa dansi anakaa kwenye mzunguko wake na kuulinda, ndiye nguzo. Oakley wa Allman Brothers anakaribia hapo, ana nguvu na anasukuma. Phil Lesh wa Grateful Dead hakai. Alianza na fidla, akahamia tarumbeta, akasomea utunzi chini ya Luciano Berio, na besi yake inatembea juu na chini kana kwamba ni sauti nyingine inayoimba. Mara ya kwanza unahisi nyumba haina msingi. Mfuate yeye peke yake kwa wimbo mmoja mzima, usahau wengine wote, na utaanza kusikia kwamba analijibu gitaa la Garcia sentensi kwa sentensi. Baada ya hapo huwezi tena kumwacha.

Mwisho wa awamu hiyo ni Morning Dew, wimbo wa polepole wa dunia baada ya vita vya nyuklia. Garcia anauimba kwa sauti iliyopungukiwa nguvu, halafu gitaa linaanza chini kabisa na kupanda, linapanda, mpaka mkono wake unapiga nyuzi zote kwa kasi na bendi nzima imesimama nyuma yake. Sijui albamu nyingine ya jukwaani yenye dakika nzito kuliko hizo.

Wapo mashabiki wa bendi hii wanaosema sifa za Cornell zimezidi, kwamba usiku uliofuata, tarehe 9 Mei kule Buffalo, si haba hata kidogo. Wana hoja. Mwezi ule walikuwa wanapiga vizuri karibu kila mahali. Lakini kwa kuanza nao, sauti safi na mpangilio wa awamu ya pili vinaifanya Cornell iwe rahisi kumkabidhi mtu.

Mazingira yako ya kusikilizia

Jambo hili linaamua zaidi kuliko watu wanavyokiri. Kama unasikilizia spika ya simu, achana na Cornell kwa sasa. Besi ya Lesh itapotea yote na utabaki na gitaa jembamba lisilo na mwenzake. At Fillmore East inavumilia spika mbovu kwa sababu solo liko mbele siku zote. Kwenye foleni ya Morogoro Road jioni, na spika za masikioni, mambo yanageuka. Mwendo ule wa kusimama na kusogea unaitaka Cornell, kwa sababu hakuna kilele unachoogopa kukatishwa na kondakta anayedai nauli. At Fillmore East inataka ukae chini, tena usiku, ukiwa huna la kufanya. Whipping Post ikikatwa katikati imeharibika.

Kwa upande wa bando: kwa ubora wa kawaida wa kusikiliza mtandaoni, kilobiti 160 kwa sekunde, At Fillmore East nzima inakula takriban MB 95, na Cornell nzima takriban MB 190. Pakua mara moja ukiwa kwenye waifai, usiisikilize kwa bando kila siku. Tena Grateful Dead wana faida ambayo Allman Brothers hawaifikii: Internet Archive, hifadhi ya bure mtandaoni, ina maelfu ya maonyesho yao yaliyorekodiwa na mashabiki, na yale yaliyorekodiwa kutoka upande wa watazamaji yanaweza kupakuliwa bure kwa ridhaa ya bendi. Kwa mwanafunzi wa Mlimani asiye na hela ya usajili wa kila mwezi, hiyo ni maktaba nzima.

Nani achukue ipi

Kama umekuja kupitia gitaa, yaani unapenda kusikia mkono wa mtu mmoja ukifanya maajabu, au umetoka kwenye bluzi, au unapiga gitaa kanisani na unataka kujifunza namna ya kujenga solo, chukua At Fillmore East na usinisikilize mimi. Hakuna dakika iliyotupwa humo. Kama hupendi kusubiri, ichukue pia.

Kama unapenda dansi kwa ajili ya chemko na si kwa ajili ya mwimbaji, kama ukisikia Sikinde sikio lako linakimbilia gitaa la nyuma kabla ya solo, chukua Cornell, awamu ya pili, uiache izunguke wiki nzima ukiwa unafanya kazi zako. Usiisomee. Siku utakayojikuta unaitikia besi kwa mdomo ukiwa unafua, imeshaingia.

Nyingine zinazotajwa nitazipitia haraka. Live/Dead ya 1969, ya Grateful Dead, ndiyo wengi wanaiona kilele, na Dark Star yake ya dakika 23 ni kazi ya ajabu, lakini haina mdundo wa kumshika mgeni mkono; ni ya baadaye. Europe '72, santuri tatu, ni ya anayependa nyimbo kuliko chemko, na ujue kwamba sauti nyingi za uimbaji zilirekodiwa upya studio baada ya ziara. A Live One ya Phish, bendi nyingine ya Kimarekani, ya 1995, ina Tweezer ya karibu dakika 31 ambayo itamfukuza asiyejiandaa. Rocking the Cradle, iliyorekodiwa Giza, Misri, Septemba 1978 na kutolewa 2008, inatuvutia kwa kuwa ni Afrika na kwa kuwa Hamza El Din, Mnubi mpiga udi, yuko jukwaani nao. Sehemu yake isikilize kwa heshima zote. Ila Kreutzmann alikuwa ameumia mkono na bendi haikuwa kwenye kiwango chake, kwa hiyo usiifanye ya kwanza.

Na ukianza na At Fillmore East ikakukolea, usihamie bendi nyingine haraka. Pale Whipping Post inapofifia utasikia ngoma zikianza kitu kingine kabla sauti haijapotea. Hicho ni Mountain Jam, zaidi ya nusu saa, na kimo kwenye albamu yao iliyofuata, Eat a Peach ya 1972. Kitafute, ukipige mara tu baada ya Whipping Post, bila kusimama, jinsi walivyokipiga usiku ule.